Maharage Yasiyofunikwa

Nimefungua maikrowevu ya mjukuu wangu, harufu ya maharage yaliyoungua ikanipiga usoni. Yamerukia juu, pembeni, hadi mlangoni. Kufunika bakuli tu kunamshinda!

"Bibi, acha, nitafuta kesho," anasema, macho kwenye simu.

Kesho gani? Nasugua mwenyewe.

Kwetu, mama alifunika chungu cha maharage kwa jani la mgomba, alilolibabua kwanza motoni ili lisipasuke. Siku walipokuja wakwe watarajiwa wa dada yangu, shangazi ndiye aliyeachiwa jiko, akapika bila kufunika. Maharage yakachemka, yakarukia ukingoni mwa chungu, yakagandia na kuungua. Na dada alimtaka sana yule kijana.

Mama wa kijana alichungulia jikoni, akaguna. "Kumbe ndiyo usafi wa hapa? Mwanangu atakula masizi?"

"Nimepika mimi, si binti," shangazi akasema.

Hakusikilizwa. Wageni wakachukua miavuli yao, wakaondoka bila kula.

Dada alipiga magoti, akasugua chungu kwa majivu na mchanga.

"Mwanangu, kimeshatakata," mama akamwambia.

Wageni walikuwa wameshapotea kwenye migomba, naye bado anasugua.