Ukucha wa Nyuma

Wifi yangu hatoki nyumbani bila mwavuli, jua liwake au mvua inyeshe. Wageni wa mtaani hudhani ni madaha. Sisi tuliomzoea tunajua ni kunguru. Akifungua tu geti, mmoja juu ya nguzo ya umeme anapiga ukelele, wa pili anaitikia, na kabla hajafika kwa fundi viatu wako kumi na tano juu yake, wanamshukia mmoja mmoja kama waliopangiana zamu. Mara mbili wamempasua utosini. Mimi ninayemfuata hatua tatu nyuma na kikapu changu, hawajanigusa hata unywele.

Ni dada mkubwa wa mume wangu. Alipofiwa na mumewe alihamia kwetu, chumba cha uani, na mwaka huohuo akapata mkataba wa kutega kunguru katika kitengo cha wanyamapori. Kanuni za Ndege na Wanyama Waharibifu zina majedwali mawili. Jedwali la kwanza ni la wanaoruhusiwa kuuawa, na kunguru wa shingo ya kijivu, yule anayeiba mayai na kudonoa vifaranga, yumo namba moja. Jedwali la pili ni la wanaolindwa, na humo yumo kunguru wa kifua cheupe, mkubwa kidogo, mwenye miguu minene. Kumuua wa kwanza kunahitaji kibali. Kumuua wa pili ni kosa, na ukithibitika umelifanya, hupewi kibali tena maisha yako yote.

Kazi yenyewe aliifanya kwa kizimba cha waya, kikubwa kama chumba cha choo, chenye mwanya juu. Ndani anakaa kunguru mmoja hai, mwenye maji na chakula, wa kuwaita wenzake. Wakishaingia hawawezi kupanda kutoka. Asubuhi wifi anaingia, anavunja shingo kwa mkono mmoja, bila kelele. Sumu hakuitaka. "Sumu ni ya wavivu," alisema. "Inaua na paka wa jirani, halafu nani ataniamkia?" Kisha anakata miguu, anafunga jozi jozi kwa uzi, jozi kumi fungu moja, na kila Ijumaa anapeleka mafungu ofisini pamoja na fomu namba nne. Ofisi inahesabu, na ndani ya siku saba inatakiwa kuichoma miguu hiyo mbele ya mashahidi wawili.

Mwaka wa kwanza alibeba mafungu yake mkononi, yakining'inia wazi barabarani. Ijumaa ya tatu tayari kunguru walishamjua. Hawakuwa wamemwona akiua. Waliona kitu cheusi kinachoning'inia mkononi mwa mtu, na sura ya mtu huyo, basi. Akaanza kubeba kwenye debe lenye mfuniko, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Wakubwa waliwafundisha watoto wao, na hao wakawafundisha wa kwao. Wapo wanaomshambulia leo ambao hawakuwa hata mayai wakati ule.

Mwaka huohuo alikosea akahesabu fungu moja mara mbili, ikambidi aandike barua ya kuomba radhi. Ilimuuma sana. Tangu siku hiyo kila mguu wa kulia uliopita mikononi mwake aliukata ncha ya ukucha wa nyuma, ili asiuhesabu tena. Hakumwambia mtu. Mimi nilijua kwa sababu kikata kucha kilikuwa changu, na nilikataa kukipokea tena.

Alifanya hivyo kwa miaka kumi na moja, mpaka akaja Mkuu mpya wa kitengo.

Mkuu huyu alikuwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyeshinda kwenye benchi la mapokezi akingoja apangiwe chochote. Ofisi nzima ilimwita Shemeji, hata mfagiaji. Mwezi wa pili, siku ya Ijumaa, wifi alipeleka mafungu matatu kama kawaida. Jumatatu akaitwa. Juu ya meza ya Mkuu palikuwa na jozi nne za miguu minene.

"Hizi zimetoka kwenye mafungu yako," Mkuu alisema. "Kifua cheupe. Jedwali la pili. Miaka yote hii, mama, hujui kutofautisha?"

Wifi aliinua mguu mmoja, akautazama kwa nyuma, akaurudisha. Akauinua wa pili. Alisaini kwamba ameitwa, akatoka.

Barua ilisema anasimamishwa, na jina lake litapelekwa kwenye kikao cha mapitio cha mwaka, miezi sita mbele, ili azuiwe moja kwa moja. Wiki iliyofuata mkataba wa kutega alipewa Shemeji.

"Kucha zilikuwa nzima," aliniambia jikoni. Uso wake ulikuwa umekauka. "Hata mmoja haujakatwa."

"Sasa kwa nini hukusema palepale?"

"Niseme nini, wifi? Kwamba huwa nakata kucha za maiti? Shahidi nani, wewe? Wangecheka. Halafu jioni hiyohiyo wangeingia stoo wakachoma kila mguu wangu uliomo."

"Si huwa wanachoma?"

"Wanachoma kwenye karatasi. Stoo ina magunia mpaka darini. Mafuta ya taa yakifika pale hayamalizi siku, wanayabeba majumbani kwao."

Mume wangu alisikia akaja mlangoni. "Dada, mwachie Mungu."

"Mungu namwachia ya kwake. Haya ya miguu ni yangu."

Kuanzia siku hiyo alibadilika. Hakulia wala hakufoka. Alikula vizuri, akalala vizuri, kama mtu aliyepata kazi nyingine. Aliniomba nimwekee daftari kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kanuni zinataka hesabu za kila mwezi zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kwa hiyo kila tarehe moja nilikwenda kunakili. Mwezi wa kwanza wa Shemeji: jozi tisini na sita. Wa pili: mia moja arobaini na mbili. Wifi mwenyewe, katika mwezi wake bora kabisa, alifikisha themanini na nane. Chini ya hesabu Mkuu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hongera. Damu changa."

Nilipomsomea maneno hayo alifunga daftari. Kisha akasema, "Kesho nenda sokoni saa mbili, Shemeji anapopita kwenda kwenye kizimba. Usimtazame yeye. Tazama juu."

Nilikwenda. Ile miti miwili nyuma ya mabucha ilikuwa imejaa kunguru mpaka matawi yameinama. Shemeji alikuja taratibu, mikono mifukoni, akitafuna karanga. Alipita chini ya mti wa kwanza. Kimya. Akapita chini ya wa pili. Mmoja alishuka akatembea kando yake kama rafiki wa siku nyingi, na Shemeji akamtupia karanga. Akaidaka.

Nilirudi nikasimulia. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asimamishwe.

"Mtu aliyevunja shingo mia mbili na thelathini na nane," alisema akifuta macho, "halafu ndugu wa marehemu wanakula karanga zake! Hawamjui, wifi. Kunguru hawamjui kabisa. Hajaua hata mmoja."

"Sasa miguu anaipata wapi?"

Alikwenda chumbani kwake akarudi na kile kikata kucha, akakiweka mezani katikati yetu.

Mtu mwingine angekimbilia makao makuu siku ileile. Yeye alingoja. "Mwache azoee," alisema. Kila mwezi hesabu ilipanda, na kila mwezi alinituma kunakili, na nikirudi alitaka kusikia tarakimu mara mbili, kama mtu anayeonja mchuzi. Nakiri kuna siku nilimwogopa. Aliniuliza kama Mkuu bado anatembea na upara wake wazi. Nikamwambia bado. Akasema, "Vizuri."

Siku kumi kabla ya kikao alipeleka ombi la maandishi chini ya kanuni ya kumi na tisa, kwamba miguu yote iliyopokelewa mwaka huo ikaguliwe kwa macho kabla jina lake halijazuiwa. Nakala alituma makao makuu, na mkaguzi akajibu kwa simu kwamba stoo ifungwe kwa lakiri mpaka afike.

Kesho yake Mkuu alikuja nyumbani. Alidhani wifi anataka kubishia zile jozi nne. Alikaa kwenye kiti cha mume wangu, akasifu mapazia yangu.

"Dada yangu," alianza, "haya mambo tunaweza kuyamaliza sisi wenyewe. Ondoa ombi lako. Kuna nafasi kwenye kitalu cha miche. Kivulini, hakuna ndege wa kukudonoa."

"Na jina langu?"

"Jina litapita tu, ni utaratibu. Nani anasoma orodha zile?"

"Mimi nazisoma. Chai yako inapoa, Mkuu."

Alisukuma kikombe. "Wewe mama una kinyongo."

"Ninacho. Nimekitunza vizuri, hakijachacha."

Aliondoka bila kuaga. Wifi alimalizia ile chai yeye mwenyewe.

Siku ya kikao ukumbi wa kitengo ulijaa wafugaji wa kuku, wauza samaki na watega wa mitaa mingine. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani ya kusomea, aliyezungumza polepole na kuandika kila kitu. Ilipofika orodha ya kuzuiwa, wifi alisimama na kukumbusha ombi lake. Magunia yakaletwa. Lile la kwanza lilipofunguliwa, mkaguzi alifunika pua kwa leso.

"Mheshimiwa," wifi alisema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "humu ndani harufu itakutesa. Tuhesabie uani. Wewe ukae barazani penye hewa."

"Wazo zuri," mkaguzi alisema. "Na wahesabu waliosaini fomu."

Waliosaini walikuwa wawili, Mkuu na Shemeji. Wakatoka juani. Wifi alichukua kiti, akakaa kando ya ukuta, akafungua mwavuli na kuushusha mpaka ukamfunika uso wote. Kutoka huko chini akaeleza habari ya ukucha wa nyuma, tangu ile barua ya kuomba radhi, na akapeleka kikata kucha barazani kwa mkono wangu. Mkaguzi aliagiza kwanza fungu la mwaka jana, lenye jina la wifi. Jozi kumi, kucha kumi za kulia zimekatwa, mkato wa duara kama mwezi mchanga. Kisha akaagiza fungu la Shemeji.

"Umekatwa," Mkuu alisoma kwa sauti ndogo. "Umekatwa. Umekatwa."

"Wewe nawe unakata kucha?" mkaguzi alimuuliza Shemeji.

Shemeji alimtazama Mkuu. "Ndiyo, mheshimiwa. Nakata."

"Kwa nini?"

"Ili... wasinikwaruze."

"Wakiwa wameshakufa?"

Watu waliangua kicheko. Mwuza samaki mmoja alipaza sauti, "Wapake na rangi!" Mkaguzi hakucheka. Aliomba zile jozi nne za miguu minene, zilizokuwa kwenye bahasha ya ushahidi. Akazigeuza moja moja mwenyewe. Kucha nzima zote. Akaandika kwa muda mrefu.

Nilidhani tumemaliza. Ushahidi ulishajitosheleza, miguu ya Shemeji ni ileile ya wifi iliyotolewa tena stoo, na ile minene haikupita mikononi mwake, na jua lilikuwa kali. Lakini sauti ilitoka chini ya mwavuli: "Mheshimiwa, kanuni inasema mguu mmoja mmoja. Jozi zote."

Mkaguzi alifungua kitabu chake, akasoma, akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli. Endeleeni."

Wakaendelea. Fungu moja moja waliliinua juu, wakalifungua, wakalinyoosha kuelekea barazani ili mkaguzi aone, wakaliweka upande wa pili. Jozi mia tisa na tatu, kwa saa tatu. Mimi niliona aibu kidogo, nikamnong'oneza wifi kwamba sasa ni uonevu. Akaniambia, "Tazama juu."

Juu ya paa la stoo alikuwapo mmoja. Kisha wakawa wanne. Niliporudisha macho, ukuta mzima wa uani ulikuwa mweusi, na hakuna aliyelia. Walikaa tu wakiwatazama, vichwa upande, watu wawili wazima wakining'iniza vitu vyeusi mikononi, mara mia tisa. Ndipo nikaelewa kwa nini ilikuwa lazima iwe uani, na kwa nini mwavuli uliteremshwa vile.

Wa kwanza alimpiga Mkuu katikati ya upara walipokuwa kwenye gunia la mwisho.

Jina la wifi liliondolewa kwenye orodha siku ileile, na jina la Shemeji likaandikwa mahali pake. Mkuu alivuliwa ukuu, akabaki karani katika ofisi ileile, dawati la karibu na choo. Wifi alirudishiwa kizimba chake, na kila Ijumaa ni yeye, Mkuu wa zamani, anayempokelea debe na kusaini.

Anaishi mtaa wa pili kutoka kwetu. Jumamosi iliyopita tulikutana naye kwa fundi viatu. Alikuwa na mwavuli mpya, mweusi, na kundi lake juu. Letu lilikuwa juu yetu. Kwa muda makundi hayo mawili yalichanganyikana, yasijue yaanze na nani.

"Habari za asubuhi, Mkuu," wifi alimsalimu. "Mwavuli mzuri."

Alisogea karibu, akateremsha sauti. "Niambie ukweli. Huwa wanasahau baada ya muda gani?"

Wifi alifikiri, kama mtu anayetaka kutoa jibu sahihi.

"Sijui bado," alisema. "Mimi huu ni mwaka wa kumi na mbili."