Keki ya Mama na Mbwa Wake

Mama alipogundulika ana kisukari, nilimnunulia mjini Moshi pakiti ya sukari mbadala. Muuzaji alinihakikishia kuwa haina madhara kwa wagonjwa wa kisukari, na kweli haikumdhuru. Alifurahi, akaoka keki, ya kwanza tangu baba afariki.

Mbwa wake, jike mzee wa kahawia aliyezoea kumfuata hadi mlango wa kanisa, alianza kuyumba siku hiyohiyo kabla ya saa sita mchana. Akatapika, akaanguka barazani, mwili ukamkakamaa na kutetemeka. Alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama. Katika matapishi niliona vipande vya majani ya isale.

Masale hayo mama aliyatoa kwenye kaburi la baba, akayapanda karibu na mlango. Kwetu Uchagani isale ni mmea wa heshima; ndio unaopelekwa kumwomba mtu msamaha. Nilisoma kwenye simu kwamba ni sumu kwa mbwa. Nikachukua jembe, nikayang'oa yote, huku nikimwambia mama kwamba yeye ndiye aliyemuua mbwa. Hakunizuia.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Sikujua."

Siku ya tatu akaja daktari wa mifugo kumtazama ng'ombe wetu. Akamwamkia mama, akamuulizia mbwa. Nilipomsimulia, alitaka kujua mbwa alikula nini kingine siku ile. Nikakumbuka mama alivyomgawia nusu ya keki yake. Daktari akaomba kuiona pakiti, akaisoma, kisha akaniita pembeni, kwenye migomba.

"Isale lingemtapisha, na huenda angepona," alisema. "Sukari hii mama yako anaweza kuitumia. Kwa mbwa inashusha sukari ya damu ghafla. Kiasi kidogo tu kinaua."

Nilimwomba asimwambie mama. Nilijidanganya kwamba namkinga, maana alimlisha kwa mkono wake. Kumbe nilikuwa najikinga mwenyewe.

Mama aliishi miaka miwili zaidi. Hakufuga mbwa tena, na kila ua aliloletewa na majirani aliuliza kwanza kama lina sumu. Mara nyingi nilitaka kumwambia ukweli, nikaishia kumjibu kuhusu ua tu.

Sasa nyumba ni yangu. Nikiwa peke yangu jikoni mchana, namsikia mama akimwita mbwa aje kula, kwa Kichaga, taratibu. Huwa natoka kutazama. Sikuti mtu, na bado nasimama pale nikisubiri aite tena.