Uzio Wangu na Mlenda wa Bondeni

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa na miezi michache tu tangu niolewe Nambilanje. Nikaenda Nachingwea sokoni, na mke wa mwalimu mmoja, mgeni kutoka mikoa ya mbali, akanipa vijiti vya uzio wake: maua madogo, ya njano na ya waridi kwenye kishada kimoja, majani ya kukwaruza. Nikavipanda kuzunguka nyumba. Mvua zilipokolea, watu wakawa wanasimama njiani kutazama.

Mama mkwe wangu, Bi Somoe, naye akasimama. Yeye alitazama nyuki.

"Ng'oa," akasema.

"Mama, uzio huu hata mbuzi hawali!"

"Mbuzi hawali, na ndege wanabeba mbegu. Nani ataupunguza? Nyuki wote wako hapa. Kule bondeni kwenye mlenda nimewakuta wawili."

Nikacheka, mwanangu. Nikawaambia wenzangu kisimani kwamba mzee ananionea wivu. Maneno yakamfikia. Hakulizungumza tena suala la uzio.

Mlenda ule wa porini, wenye maua ya zambarau kama ya ufuta, ndiyo mboga iliyowalea wana wote wa Bi Somoe miezi ya njaa. Hakuna aliyeupanda, ulijiotea wenyewe kila masika. Ndege wakazishusha mbegu za uzio wangu hadi bondeni, ukaota huko. Nyuki wakaufuata, na wachache waliogusa mlenda walikuja na chavua ya uzio, isiyoufaa kitu. Maua ya mlenda yakapukutika bila kufunga mbegu. Hayo nilielezwa baadaye sana na bwana shamba mmoja kutoka Ruangwa. Wakati ule niliona tu mboga inapungua, nikasingizia jua.

Masika kadhaa yakapita, kisha Bi Somoe akaugua, akakataa chakula. Asubuhi moja akaniambia, "Nichumie mlenda wa bondeni."

Nikazunguka hadi adhuhuri, nikarudi na majani yasiyojaa kiganja. Nikachanganya na bamia za sokoni, nikidhani hatatambua. Akaonja.

"Umenipikia bamia," akasema, akageukia ukutani. Ijumaa tukamzika.

Nimeukata uzio ule miaka mingi, unachipua tu. Mlenda uliosalia si ule. Ni mfupi, majani membamba, na unachanua mapema, kabla uzio haujakolea maua, maana ule uliochanua pamoja nao haukuacha kizazi. Ninyi mnadhani ndivyo ulivyokuwa siku zote.

Basi, mwanangu, usipande mmea mgeni kwa sababu tu unapendeza machoni. Uliza kwanza unasambaaje, na nyuki wakiufuata wataacha nini nyuma. Na mkubwa wako akikuambia ng'oa, ng'oa kikiwa bado kichaka kimoja, wala usimfanye kichekesho mbele za watu. Mimi msamaha nilikwenda kuuomba kaburini, nikarudi kama nilivyokwenda.

Mungu akupe usikivu nilioukosa mimi, na wanao wakute bondeni kitu cha kuchuma. Amina.