Uzi Niliopimia Kinanda

Baba yangu hakuwahi kutupeleka dukani kununua viatu. Alikata uzi wa mkonge kwa urefu wa unyayo wa kila mtoto, kisha akateremka kutoka Mghange hadi Voi na nyuzi zake mfukoni. Kiatu kikibana, lawama ilikuwa ya mguu. Nimeurithi utaratibu huo, kwa kuwa niliamini kwamba watu husema uongo ila uzi hausemi.

Kiharusi kilipompata mke wangu kilimwachia ulimi wake wote, naye alikuwa nao wa kutosha, lakini kiliulegeza mkono wa kushoto, ule wa kupigia besi. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa letu kule mlimani Mghange tangu tulipooana. Tulihamia Voi ili tuwe karibu na hospitali. Kinanda kikabaki kanisani. Mtaalamu wa viungo alimwagiza avitumikishe vidole kila siku. Alifinya mpira kwa majuma machache, akauacha. Asubuhi moja akanikabidhi vitabu vyake vya nyimbo, vile alivyoviandikia do-re-mi kwa penseli juu ya kila mstari.

"Wapelekee wanakwaya," alisema. "Besi yangu imekufa."

Sikuvipeleka. Niliamua kumtafutia kinanda ambacho pensheni yangu ya ualimu ingekimudu, kabla hajaizoea kauli hiyo.

Washauri hawakukosekana. Mwenyekiti wa kwaya alisema vibonye sitini na kimoja vyatosha, maana kuna kitufe cha kuteremshia sauti hadi kwenye besi. Nilimwuliza kama amewahi kukitumia. Alikuwa ameambiwa. Mpwa wangu wa Ronge alisema kinanda kisicho na vibonye vizito ni kichezeo cha watoto. Naye alikuwa ameambiwa. Mimi nilishikilia jambo moja tu: mkono unaojifunza upya kwenda mbali haufai kufupishiwa njia. Nilitaka vibonye vyote themanini na vinane. Basi siku moja mke wangu alipolala baada ya chakula cha mchana, nilikata uzi kwa upana wa kiganja chake kilichonyooka, toka kidole gumba hadi kidole kidogo, nikaenda mjini.

Mwenye duka la vyombo vya umeme, mama wa makamo aliyetoka bara, alikuwa na vinanda viwili vya ukubwa huo. Nilibonya kimoja. Kimya.

"Hiki kimekufa."

"Hakijakufa, mzee wangu. Hicho ni cha midi kama mwenzake, hakina sauti yake. Kinaiambia kompyuta iimbe nini, vile rimoti inaambia televisheni."

"Nani amekwambia?"

"Aki mzee! Si mimi ndiye nauza?"

"Muuzaji ndiye wa kwanza kutiliwa shaka."

Alicheka, akakiunganisha kwa waya na kompyuta yake, na sauti ya piano ikajaa duka. Nilikiri. Nyumbani tulikuwa na kompyuta aliyotuachia binti yetu, kwa hiyo hilo halikuwa tatizo. Nikaunyoosha uzi wangu juu ya vinanda vyote viwili. Kutoka do hadi do ya juu yake ulienea sawasawa. Kimoja kilikuwa na vibonye vizito kama vya piano, na bei yake ingemeza pensheni ya miezi mitatu. Cha pili kilikuwa chepesi na cha bei nafuu. Nakiri kwamba maneno ya mpwa wangu yalikuwa yameniingia. Niligusa kile kizito.

"Ni cha nani?" mama yule aliuliza.

"Cha mke wangu. Mkono wake wa kushoto umelegea."

"Na huo uzi umepima mkono gani?"

Niliukunja uzi. Nilikuwa nimepima wa kulia. Wa kushoto alikuwa ameukunja kifuani, nami sikuwa na moyo wa kuufungua.

"Mlete mwenyewe, mzee. Kidole hakitumi mjumbe."

Njiani niligundua kwamba habari zote za mkono ule nilikuwa nimezipata kwa kuambiwa: na daktari, na mtaalamu, na mke wangu mwenyewe. Sikuwa nimewahi kuushika nikaona unaweza nini.

Nilipofika nyumbani nilimweleza yote.

"Ulinipima nimelala, mwalimu?" aliuliza. "Hivyo hupimwa anayechongewa jeneza." Kisha akacheka hadi akajifuta machozi. "Haya, twende. Nikuone ukiaibika."

Dukani aliketi mbele ya kile kizito, akakiweka kidole kidogo cha kushoto kwenye besi. Kibonye hakikushuka. Akatazama pembeni. Tukamsogezea kile chepesi. Kibonye kikashuka polepole, na sauti ikatoka chini kabisa, hafifu kama ya mtu anayeitika akiwa chumba cha pili.

"Naweza kurekebisha kwa kompyuta," mama yule alisema, "ukigusa kidogo tu ipaze."

"Usiniongezee, mwanangu. Nataka kusikia kilicho changu."

Akapiga tena, ikawa na nguvu zaidi. Nikanyoosha mkono niushikilie ule wake kwenye kifundo.

"Toa mkono, mwalimu. Hukuitwa."

Nikautoa. Alipiga noti nne za besi; ya tatu ikamponyoka. Akairudia. Ikamponyoka tena, akairudia. Mteja aliyekuja kununua balbu alivuta kiti akakaa.

"Mfungie mzee hiki," mke wangu alimwambia mwenye duka, bila kuinua macho. "Lakini ningojeni kwanza nimalize mstari."