Tetemeko la Kiswere

"Volkano yako iko wapi hapa Kiswere?" mwalimu aliniuliza huku akihema.

Tulikuwa tukifanya mazoezi ya kipima mitetemo, na atakayekosea hangekwenda kwenye volkano ya kaskazini. Changu nilikifukia nyuma ya nyumba yenye harusi. Mstari kwenye skrini yake ukaanza kurukaruka. Mimi ninayehoji kila kitu, hapo sikuhoji. Nikapiga kelele za tetemeko, watu wote wakakimbilia nje, bibi harusi akiwa na hina mbichi. Mara mstari ukatulia.

Shangazi wa bibi harusi alikuwa bado ameshika mchi.

"Mwanangu, tulikuwa tunatwanga mpunga. Hiyo mashine yako haijui kinu?"

Kaskazini sikwenda.

Miaka baadaye bibi harusi aliniambia kwamba siku ile mwalimu ndiye aliyetangulia kufika barabarani.