Re ya Katikati

Nilikuwa nikienda kujifunza kinanda nimevaa suti ya mazoezi na raba. Mtu wa umri wangu, afisa wa serikali aliyehamishiwa Kigoma na kitambi chake, akionekana jioni anateremka kuelekea Bangwe, watu husema anapunguza mwili. Nami sikumkanushia mtu. Jirani yangu alinipongeza kabisa, akashangaa tu kwamba narudi bila jasho.

Mwalimu wangu alikuwa mama wa Kiha, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliyefundisha muziki sebuleni kwake. Piano yake kuukuu aliachiwa na wamisionari walipoondoka. Dirisha lilitazama ziwani, na harufu ya dagaa walioanikwa nje iliingia bila hodi. Wanafunzi wenzangu wote walikuwa watoto. Nilisubiri zamu yangu kwenye kochi kama mgonjwa, huku msichana aliyeng'oka meno ya mbele akipiga kwa mikono miwili wimbo ulionishinda kwa mkono mmoja. Akimaliza ananipita na kuniamkia, "Shikamoo babu." Babu! Niliitikia marahaba huku uso unaniwaka.

Ile piano ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kibao cha re ya katikati, ile noti inayofuata do, kilikuwa kimekufa, ukikibonyeza kinazama kimya. Unyevu wa ziwa ulikuwa umekula kitu huko ndani, na fundi wa piano Kigoma humpati hata kwa dawa. Lakini mwalimu hakuturuhusu kukiruka.

"Kinanda kikinyamaza, wewe usinyamaze, mwana wanje," alisema, akiniita mwanawe kwa Kiha.

Basi ukifika kwenye re unabonyeza kibao na kuiimba mwenyewe, "Ree!", naye anaiimba pamoja nawe popote alipo, hata akiwa jikoni anasonga ugali. Mwanzoni niliona haya kuimba mbele ya watoto wa watu. Baadaye mdomo wangu ulizoea kuliko vidole.

Binti yangu alipokaribia kupata kipaimara, wazazi tuliitwa kikao. Tukaulizwa nani atapiga kinanda baada ya komunyo, muda mfupi tu, bila kuimba, watu wakiwa kwenye sala. Mkono wangu ukapanda kabla ya akili. Nilipomwambia binti, aliweka chini kijiko chake.

"Baba, wenzangu wote watakuwepo. Naomba usiniaibishe."

Tangu siku hiyo sikuwa na hofu nyingine. Niliurudia wimbo wa siku hiyo sebuleni kwa mwalimu mpaka watoto wakaanza kuuimba barabarani. Nilikwenda pia kukijaribu kinanda cha kanisani, nikakuta umeme umekatika.

Siku yenyewe umeme ulikuwepo. Baada ya komunyo kanisa likatulia, watu wamepiga magoti. Binti yangu alikuwa benchi la mbele, gauni jeupe, kichwa chini. Nikaanza. Vidole vilitii, nami nikajiona mtu miongoni mwa watu. Nikafika kwenye re.

Kinanda kililia re, safi kabisa. Nami nikalia nacho, "Ree!", kwa sauti ile ile ya sebuleni, katikati ya kimya cha wanaosali.

Mtu mmoja akakohoa. Kisha kicheko kikaanza kwa wanakwaya, kile cha kubanwa kwa leso ambacho ni kibaya kuliko cha wazi. Niliona shingo ya binti yangu ikiinama zaidi. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ubeti wa pili ulikuwa unanisubiri, na ndani yake kulikuwa na re nyingine.

Nikang'ata meno. Nikabonyeza.

"Ree!" Sauti ilitoka upande wa akina mama, nyuma kidogo, kavu na ya uhakika. Alikuwa mwalimu wangu. Sijui kama yalikuwa mazoea au alitaka kunisitiri. Alikuwa amekaa wima na kitenge chake cha sikukuu, ananitazama, akingoja niingie naye. Sasa watu walicheka waziwazi, na waliyemcheka alikuwa yeye. Ubeti wa tatu aliimba tena. Mimi midomo yangu niliibana mpaka wimbo ukaisha, na nakiri kwamba moyoni nilishukuru kicheko kimehamia kwingine.

Nje, watu wakipiga picha, nilimsogelea binti yangu na maneno niliyoyaandaa.

"Mwanangu, nisamehe. Ile sauti ilinitoka tu."

Akanitazama kana kwamba nimejibu swali lisiloulizwa.

"Ile ya kwanza? Ile hata mimi nilitaka kucheka, Baba." Machozi yalikuwa yanamlenga. "Lakini bibi wa watu anachekwa peke yake kwa ajili yako, na wewe umenyamaza tu!"

Nilimtafuta mwalimu, nikamwona ameshashika njia ya kuteremkia Bangwe, hakuna aliyeongozana naye. Ningeweza kumwita, hakuwa mbali. Binti yangu alikuwa ameshakusanya gauni lake mkononi, anamkimbilia, anaita, "Bibi! Bibi, tusubiri!"

Mwalimu akageuka, akatazama nyuma ya mtoto aone nani mwingine anakuja. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale pale, nimefunga mdomo.