Nafasi ya Josefina Kisiwani

Wifi yangu Josefina alizaliwa Mpui, akalima Mpui, na mpaka anafika miaka thelathini na tano hakuwahi kupanda chombo cha majini. Mwaka huo aliteremka Kipili, ufukweni mwa ziwa, kuuza gunia la maharage. Watu wa kituo cha kisiwani wakalinunua lote, kisha wakamwambia mpishi wao ameondoka, hawana wa kuyapika. Akasema atapika siku moja. Ndani ya boti alikaa chini kabisa, amekumbatia gunia, macho kayafumba. Alirudi nyumbani mwezi wa kumi.

Kituo chenyewe ni mahema na banda moja la bati, kwenye kisiwa kidogo cha Ziwa Tanganyika. Kinafunguliwa mvua zikikatika na kufungwa zikikaribia. Wataalamu wanachunguza ufukwe, mawe na mazalia ya samaki, na watoto wa shule za mwambao wanaletwa kwa zamu, wanalala siku mbili, wanafundishwa. Aliyewapikia wote ni Josefina, misimu sita.

Mimi niliolewa na mdogo wake baadaye, kwa hiyo nilimkuta tayari ni mtu wa kisiwani. Nilimwonea wivu tangu mwanzo. Alikuwa akirudi kwetu mjini, Kizwite, mweusi kwa jua, sauti imekuwa kubwa, na samaki wakavu aina ya migebuka kwenye kikapu, majirani wanajaa uani. "Haya, mama wa kisiwani, tuambie." Mume wangu, ambaye mimi hunijibu neno moja moja, kwake alicheka mpaka akashika mbavu. Hata Debora wangu, mtoto asiyekwenda kwa watu, alimnyooshea mikono.

Josefina aliishia darasa la nne. Mimi nilimaliza la saba, na mwandiko wangu mwalimu aliwahi kuuonyesha darasa zima. Hadithi zake nilizishika kuliko mwenyewe.

"Wale samaki wa kwenye mawe wana mistari sita, wifi, si saba. Mwaka jana ulisema sita."

"Mnamsikia? Ziwa hajawahi kuliona, lakini samaki wangu ananihesabia."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, nimeumia.

Siku moja nilimfulia fulana yake ya bluu ya kituo. Ilipokauka niliivaa, nikasimama nayo chumbani na mtoto mgongoni. Kisha nikaivua, nikaikunja.

Hadithi niliyoipenda ni ya samaki anayelea watoto mdomoni. Siku zote hizo hali chakula. Josefina alikuwa akimweka kwenye beseni mbele ya wanafunzi, watoto wanatemwa, wanacheza, wakishtuka wanarudi mdomoni kwa mama. Nilikuwa nikimnyonyesha Debora ninamfikiria samaki huyo.

Mwaka huu, Josefina akiwa Mpui kwenye mavuno ya ulezi, Kornel, msimamizi wa kituo, alipiga simu kwangu. Ya wifi huwa haina chaji, hivyo walikuwa na namba yangu.

"Mama Debora, mwambie Josefina tunafungua Jumatatu. Ila sasa mpishi atashika na daftari la samaki, watoto wameona nini na wapi. Yeye anaandika?"

Ningeweza kusema nitamuuliza. Ningeweza kusema nitamfundisha.

"Haandiki," nikasema.

"Wewe je?"

"Mimi ninaandika."

"Unaweza kuja na mtoto?"

"Naweza."

Nilikata simu moyo unaruka kwa furaha. Aibu nayo ilikuja, lakini ilikuja kwa miguu, haikuwa na haraka.

Kesho yake nilikwenda Mpui. Nilimkuta anapura ulezi.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Mtoto kwenye vumbi hili? Kuna msiba?"

"Hakuna. Kornel amepiga. Wanafungua Jumatatu, lakini wanataka mtu anayeandika."

Aliweka fimbo chini. "Wakakuuliza kama naandika."

"Ndiyo."

"Ukasema."

"Nikasema."

"Anakwenda nani?"

"Mimi."

Nilitaka anitukane, ningepumua. Aliingia ndani akatoka na mwiko mrefu. "Wa kule ni mfupi, utaungua. Na jiwe jeupe pale boti inapofunga linateleza. Watoto wakienda kuoga, usimame hapo." Fulana hakunipa, na sikuiomba.

Kwenye boti nilikaa chini, nimemkumbatia Debora, macho nimefumba.

Juma la kwanza wakaja wanafunzi ishirini. Msichana mmoja, Edith, aliyewahi kuja mwaka jana, akanifuata jikoni.

"Mama Josefina yuko wapi?"

"Mwaka huu ni mimi."

"Unaweza kumfanya samaki ateme watoto?"

"Naweza."

Mpiga mbizi wa kituo akaniletea samaki mmoja wa aina hiyo kwenye ndoo. Nikamhamishia kwenye beseni, wanafunzi wakalizunguka, nikaanza hadithi. Niliisimulia vizuri, vizuri kuliko Josefina, walikuwa kimya kabisa. Samaki hakutema. Nikaongeza maneno. Hakutema. Basi nikamshika, nikambonyeza taya kwa kidole.

Watoto wakatoka. Walikuwa bado na viini vya njano tumboni, hawawezi kuogelea. Walianguka chini ya beseni wakalala hapo. Nilipomwachia mama yao, alizunguka ukingoni, hakuwachukua.

"Mama Josefina huwa hamshiki," Edith akasema.

Niliandika kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri: Mama mmoja. Watoto kumi na wanne. Hawakurudi mdomoni. Niliwatoa mimi kwa nguvu.

Jioni nilipanda juu ya mawe, penye mtandao, nikampigia wifi. Josefina alipokea mara moja.

"Simu yako ina chaji?"

"Tangu uondoke naichaji kila siku."

"Wifi, yule samaki unamfanyaje mpaka ateme?"

"Umemshika."

"Nimemshika."

"Hashikwi. Unamtazama kwanza kidevu. Ukiona macho ya watoto ndani kama nukta, wamekomaa. Unamweka majini, unafunika beseni kwa kanga, unakaa kimya. Mimi huwa namenya viazi. Anatema mwenyewe akipenda."

"Hukuwahi kutuambia."

"Ningesimulia nini, nusu saa ya kumenya viazi? Mngelala."

Nikamfuata Kornel. Nikamwambia kwamba Josefina arudi kupika, mimi nibaki na daftari.

"Nafasi ni moja, Mama Debora."

Nilijua ni moja. Nilikuwa nimeshaipenda harufu ya pale asubuhi, na Debora alikuwa ameanza kutembea mchangani.

"Basi ni yake," nikasema. "Daftari waandike wanafunzi. Si wamekuja kujifunza?"

Kornel alijikuna kichwa. "Hilo hatukulifikiria," akasema.

Josefina alikuja Jumamosi, na fulana yake ya bluu. Nilikuwa nimesimama kwenye jiwe jeupe.

"Umeteleza?"

"Mara mbili."

"Basi umeshakuwa wa hapa."

Wanafunzi wapya, ambao wengine walimjua, wakanipita mbio wakamrukia. Debora naye mgongoni kwangu akamnyooshea mikono, na nikaumia palepale ninapoumiaga. Nilimpa mwiko wake. Boti ileile iliyomleta ilipomaliza kushusha mizigo, nikapanda.

Safari hii sikufumba macho. Nilimwona ameweka beseni kivulini, watoto wameketi, yeye na kisu na viazi. Beseni alilifunika kwa kanga yangu, niliyoisahau kwenye kamba. Nilinyoosha shingo nione kama samaki ametema, boti ikazunguka mawe, yakaniziba. Sikuidai kanga.